Tundu Kwenye Kona ya Kadi

Bariadi ya siku zile ilikuwa na mashine mbili za kuchambua. Moja ilikuwa ya kiwanda cha pamba, kubwa, yenye vumbi na kelele, na hakuna asiyeijua kwa sababu ilimkohoza kila aliyepita barabarani. Ya pili ilikuwa ndani ya chumba cha nyuma kwenye ofisi za chama cha ushirika, ndefu kama kitanda cha hospitali, rangi ya majivu, na hiyo ilichambua watu. Ndivyo walivyosema wafagiaji waliowahi kuichungulia: pamba inachambuliwa kule, watu wanachambuliwa huku kwa Felisita.

Hawakukosea sana. Kila mwanachama alikuwa na kadi moja ya karatasi ngumu, urefu wa bahasha, iliyotobolewa vitundu vidogo vya pembe nne. Vitundu hivyo ndivyo vilikuwa maandishi yake. Vitatu vya kwanza upande wa kushoto vilisema kijiji chake, vilivyofuata vilisema namba yake. Mashine ilikuwa na mdomo wa kulia kadi, na chini yake mifuko ya chuma imepangana, mmoja kwa kila tarakimu toka sifuri mpaka tisa, na mmoja wa pembeni kwa zilizoshindikana. Ndani mlikuwa na kiburashi cha nyaya kilichoipapasa kadi ikipita. Kikigusa tundu la saba, njia ya saba inafunguka na kadi inadondoka kwenye mfuko wake. Kazi ambayo makarani watatu wangeifanya toka asubuhi hadi chai ya saa kumi, kisha wagombane nani kachanganya, mashine iliimaliza kabla sufuria ya chai haijachemka.

Felisita alifundishwa kuiendesha akiwa binti, makao makuu Shinyanga. Makao makuu walipopata kompyuta yao mpya, hii waliitupia Bariadi, kama kaka anavyomtupia mdogo wake suruali iliyombana. Felisita akaja nayo. Huko Bariadi ndiko alikokutana na Jilala, dereva wa trekta, wakaoana, wakaishi vizuri, na Jilala akafa kwa homa kabla hawajapata mtoto. Shemeji zake walitaka arithiwe au aondoke. Apolonia, mama yake Jilala, alisimama mlangoni mwa zizi akawaambia wanawe: "Huyu ni mtoto wangu. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi." Hakuna aliyeanza. Toka siku hiyo Felisita aliishi mjini siku za kazi, na Jumamosi alipanda baiskeli kwenda Mwabagole, kijiji cha upande wa Dutwa, nyumbani kwa mama mkwe wake.

Mara moja Apolonia alikuja kuiona hiyo mashine iliyomlisha mkamwana wake. Felisita alimwonyesha jinsi ya kupanga namba ya tarakimu tatu: huanzi na ya kwanza, unaanza na ya mwisho. Unazipitisha, unazikusanya, unarudia kwa ya katikati, unazikusanya tena, unamalizia na ya mwanzo, na kadi zote zimekaa kwa zamu zake. Wageni wengi waliona ni kinyume cha mambo. Apolonia alitazama mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akasema, "Kumbe mashine yako inamjua mtu kwa kuanzia mkiani." Akacheka mwenyewe.

Basi ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na mizani yao na malori yao, wakanunua pamba mpaka mlangoni kwa mkulima, na chama cha ushirika kikaanza kupungua mwili kama mtu mwenye minyoo. Sitawasema vibaya wanunuzi, wengine walikuwa watu wa haki. Lakini walichukua pamba na mbegu zake ndani, wakaenda kuichambua mbali, na wakati wa kupanda ulipofika hakuna aliyemwona hata mmoja wao akirudisha mbegu. Mbegu zilibaki kazi ya chama, na chama kiligawa mbegu kwa kadi.

Mwezi wa pili wa mwaka ninaousema chama kilitoa kadi mpya, na Felisita alipelekwa vijijini na gari la ofisi kuzieleza. "Kadi hii msiikunje," aliwaambia. "Msiilowanishe. Msiiweke chini, mchwa wataila. Msiifiche kwenye kihenge, panya watazalia juu yake. Mashine haina huruma." Nyuma ya kadi kulikuwa na maneno pia, kwa wanaoweza kusoma: kadi iliyoharibiwa haitapokelewa, na mwenye nayo hatapewa mbegu mpaka msimu mwingine. Pale Mwabagole alieleza kwa bidii kupita kwingine kote, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi mbele kabisa na kitenge kipya. Watu walipotawanyika Apolonia alimshika mkono akasema, "Umesema vizuri. Maneno yako hayataanguka chini."

Watu waliuza pamba, kadi zikarudi kwa chama pamoja na mzigo, na mwezi wa kumi Felisita akazipitisha kwenye mashine kuhesabu kila kijiji kina wanachama wangapi. Kadi za Mwabagole zilikuwa chache, fungu jembamba la kushika kwa vidole viwili. Iliuma. Alijiambia, hata kwetu wamekimbilia wanunuzi binafsi. Lakini fungu la Ipililo, kule Maswa, alikozaliwa, lilikuwa limenona. Akafurahi kidogo, furaha ile ya siri ambayo mtu haionyeshi, akapeleka hesabu kwa meneja, malori yakapakiwa mbegu kwa hesabu hiyo.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, wanaume watatu wa Mwabagole waliegemeza baiskeli zao ukutani mwa ofisi. Aliyetangulia alikuwa Maganga, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mzima wa sauti ya chini ambaye alimbeba Jilala siku ya mazishi. Felisita alipiga goti akamwamkia kwa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba."

Maganga hakuitikia. Kwa Msukuma kutoitikia salamu ni hukumu nusu, na Felisita aliinuka akajipangusa vumbi magotini.

"Tumepata magunia matano," Maganga alisema. "Kijiji kizima. Mbegu hizo hata mji wangu peke yake hazitoshi."

"Labda wanachama wamepungua, baba. Kadi zenu zilikuja chache."

"Kadi tulileta wote. Mimi nimezikusanya kwa mkono wangu." Akauinua ule mkono. "Ipililo wameshusha lori na tela lake. Mpaka wanashangaa wenyewe. Wewe kwenu ni wapi, mama?"

"Mnapajua."

"Tunataka upataje wewe."

"Ipililo," alisema Felisita.

Mzee mmoja nyuma ya Maganga akaguna, "Kikulacho ki nguoni mwako." Maganga alimnyamazisha kwa mkono. Hakuwa mtu wa kufurahia mambo haya.

"Jumapili baada ya misa tunakutana kijijini, kwenye ghala la chama cha msingi," alisema. "Ukiwa na neno, njoo nalo. Ukikosa, kaya ya Apolonia inatengwa. Hakuna salamu, hakuna kuomba moto, hakuna kuazima jembe. Wewe una mshahara mjini. Yeye ndiye ametuletea mwizi ndani ya kijiji, ndivyo watu wanavyosema."

"Mama hana kosa lolote."

"Ndiyo maana inauma," alisema Maganga, akachukua baiskeli yake.

Kutengwa, kwa asiyekujua, si maneno. Mwanamke mzee asiyeazimwa jembe wala kupewa kijinga cha moto wakati watu wote wanalima hafikishi mavuno, na kama akifikisha hatakuwa na wa kuzungumza naye. Felisita alifunga mlango wa chumba cha mashine akalia dakika chache. Halafu akajifuta, akatoa fungu la Ipililo.

Waendesha mashine wana ukaguzi wao. Kadi zilizopangwa vizuri ukizigonga zikalingana, ukaziinua dirishani, tundu la kijiji lionekane wazi toka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho, mwanga upite kama kwenye bomba. Namba ya Ipililo ilikuwa mia tisa na kumi na nne. Mwanga ulipita kwenye tisa. Akataka kuridhika. Kisha akazifungua moja moja, na katikati ya fungu akakuta kadi yenye matundu mawili kwenye safu moja: la pembe nne kwenye sita, na jingine kwenye tisa, chini kabisa, konani. Hili la pili lilikuwa la mviringo. Mashine ya kutobolea kadi haijui mviringo. Kingo zake zilikuwa na manyoyamanyoya, na kwenye kadi moja kulikuwa na uzi wa katani umenasa.

Akazitoa zote zenye tundu la mviringo. Fungu likawa nene. Namba yao, kwa tundu la kweli, ilikuwa mia sita na kumi na nne, yaani Mwabagole.

Mashine huisoma kadi kuanzia chini, kwenye tisa, ikipanda juu, na ikikuta tundu la kwanza haihangaiki kutafuta la pili. Kwa hiyo watu wa Mwabagole walikuwa wametobolewa kona, na kwa tundu hilo moja mashine iliwahamishia Maswa, nyumba na nyumba, bila ugomvi na mtu. Felisita alicheka peke yake mle ndani, kicheko kibaya, halafu kikakatika alipogeuza kadi na kusoma maneno ya nyuma.

Meneja Januarius alikuwa mtu mwema aliyeogopa barua. Kila barua kutoka makao makuu aliifungua akiwa amesimama. Alizitazama kadi, akavua miwani, akaivaa.

"Wametoboa wenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Basi ni kadi zilizoharibiwa. Sheria imeandikwa nyuma. Siwezi kuwapa mbegu, Felisita. Nikiwapa, wakaguzi watanikata shingo." Aliketi. "Ingekuwa kosa ni letu, la mashine, ningefungua mbegu za akiba kesho asubuhi. Hizo nina ruhusa nazo. Kosa la ofisi, ofisi inalipa."

"Na mashine?"

"Unajua. Toka Pasaka makao makuu wanatafuta sababu ya kuiuza. Mashine inayopeleka mbegu za Dutwa Maswa, hiyo wataiondoa kwa furaha, na wewe nayo." Alimsukumia kadi polepole. "Mimi nakuja Jumapili na gari. Nitasikiliza utakalowaambia, na ndilo nitakaloandika. Usiwape hao wakubwa zawadi bure."

Ijumaa nzima Felisita alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na haki. Aliwaambia wasikunje, wasilowanishe, wasiweke chini. Wakatoboa. Kisha wakamwita mwizi, wakamtishia mama mzee. Miaka yote aliyoipa ile mashine, vidole vyake vilivyojua kila sauti yake, avitupe ili kumfunika mtu aliyeshindwa kuacha sindano yake sandukuni? Mbegu zitapatikana kwa njia nyingine, alijiambia, ingawa hakujua njia gani. Jumamosi akapanda baiskeli akiwa ameamua: atasema ukweli, kila mtu abebe mzigo wake.

Apolonia alikuwa amemwekea matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alimsalimu kama kawaida, kwa hola hola za Kisukuma, mpaka na habari za baiskeli. Kuhusu Maganga hakutaja kitu, ingawa haiwezekani hakujua. Felisita alikula akatazama juu, kama mtu anavyotazama juu akitafuta pa kuanzia, na ndipo alipoiona. Kwenye boriti ya paa, pembeni ya kibuyu cha mbegu za mtama, ilining'inia kamba fupi ya katani yenye kitanzi mwishoni. Haikuwa imeshika kitu.

"Mayu," alisema, neno lao la kumwita mama, "ile ni ya nini?"

Apolonia alitazama, uso ukakunjuka. "Ya kadi. Inangoja kadi irudi." Akavuta kigoda akaketi karibu, kama mtu aliyengoja kuulizwa siku nyingi. "Ulisema isiwekwe chini, isiingie kihengeni. Nikafikiri usiku mzima. Nikasema basi ikae hewani, kama mbegu. Mchwa hafiki, panya hafiki, mvua ikivuja haifiki. Wenzangu wakaniuliza, tunaiwekaje hewani? Nikachukua sindano yangu ya kushonea magunia, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Zilizotobolewa zote nimezitoboa mimi, kona moja, chini huku pembeni ambapo hakuna maandishi, ili nisiharibu. Wachache walikataa, wakaniambia Apolonia unajisumbua. Nikawaambia, ni maneno ya mwanangu, hayaanguki chini."

Felisita alisimama akaishika ile kamba. Ilikuwa imesokotwa vizuri, laini, ya mkono uliopenda kazi.

"Kwa nini waishika hivyo?" Apolonia aliuliza.

"Nzuri, mayu," alisema. "Nimeipenda." Akaenda nje kuosha baiskeli isiyokuwa na tope.

Aliwaza yote alipokuwa akiisugua. Alikuwa amewakataza kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu hakuna mtu Shinyanga wala Bariadi aliyewahi kufikiri kwamba kadi inaweza kupendwa kiasi cha kuning'inizwa juu ya vichwa vya watu pamoja na mbegu za kesho. Akisema ukweli kesho, kijiji kitakosa mbegu kwa sheria, na watajua ni sindano ya nani. Hawatamwita Apolonia mwizi. Watamwita kikongwe aliyewanyima pamba, na atakwenda nalo kaburini.

Jumapili ghala lilijaa mpaka nje. Wanaume mbele, wanawake upande wa ukuta, na Apolonia katikati yao, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, akichambua choroko, maana hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu hata mbele ya hukumu. Januarius aliketi kwenye kiti pekee. Maganga alifungua mkutano kwa maneno machache, akamwita Felisita.

"Mbegu zenu zilikwenda Ipililo," alisema Felisita. "Sikuzipeleka mimi. Mashine imekosea."

Minong'ono ikapanda. Maganga akangoja ishuke.

"Mashine hiyo unayoisifia miaka yote," alisema. "Inayohesabu watu kuliko makarani. Imekosea kijiji kimoja tu, na hicho kimoja ni chetu, na imekosea kwenda kwenu."

"Imezeeka, baba. Kiburashi chake kimelika. Namba yetu na ya Ipililo zinafanana, tofauti ni tarakimu moja. Ilisoma tisa mahali pa sita." Karibu kila neno alilolisema lilikuwa kweli, isipokuwa uzee na kiburashi. "Mimi ndiye niliyetakiwa kuikagua. Sikuikagua. Kosa ni la ofisi."

Vidole vya Apolonia vilikuwa vimesimama juu ya choroko. Alimtazama mkamwana wake muda mrefu, bila kupepesa. Kisha akaokota kijiwe, akakitupa pembeni, akaendelea.

Maganga akamgeukia meneja. Januarius aliinuka, akakohoa, akasema kosa la ofisi ofisi inalipa, na lori litafika Jumanne. Mtu alicheka kwa nyuma: kumbe hata mashine za wazungu zinapata upofu wa uzee. Watu wakacheka naye, na hasira ikatoka ghalani kama moshi ukifunguliwa mlango. Maganga alimwendea Felisita, akamwambia, "Mwangaluka, mama," ingawa ilikuwa saa saba ya mchana. Alikuwa anamlipa salamu ya Alhamisi. Hata hivyo wapo waliotoka wakisema neno la mashine ni neno la mjini, na damu nzito kuliko maji, na Felisita aliwasikia.

Lori lilikuja Jumanne kama alivyosema Januarius. Mvua ikaja nyuma yake, na Mwabagole wakapanda siku moja na vijiji vingine.

Barua ya makao makuu haikuchelewa. Mashine iuzwe kama chuma chakavu, mwendeshaji apunguzwe kazi. Mwaka ule maneno hayo, kupunguzwa kazi, yalikuwa yanatembea nchi nzima kama homa, na kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa Felisita. Aliipangusa mashine kila siku mpaka ya mwisho. Hakuwa na la kuifanyia zaidi ya hapo, na ilimuuma kuliko alivyotegemea, kwa sababu aliisingizia na haikuwa na mdomo wa kujitetea.

Mnunuzi alitoka Mwanza, kijana mstaarabu aitwaye Imrani, na lori na vibarua. Felisita alimwomba asubiri mezani amalizie kufunga sanduku lake. Ndipo Apolonia alipotokea mlangoni, kwa miguu, vumbi mpaka magotini, kifundo cha kitenge mkononi. Felisita akapiga goti, wakasalimiana. Apolonia akafungua kifundo. Ndani mlikuwa na kadi yake, ambayo kama nyingine zote ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe baada ya mbegu. Kamba haikuwepo. Tundu la konani lilikuwa limezibwa kwa kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha, kimegundishwa kwa uji wa mtama, pande zote mbili, na kusuguliwa kwa jiwe mpaka kikawa laini.

"Iweke kwenye mashine," alisema.

Felisita alipapasa kile kiraka. "Mayu, kinaweza kunasa. Kadi itachanika."

"Ikichanika ni yangu."

Imrani alikuwa amesimama mlangoni na vibarua wake, akaitikia kwa kichwa kuruhusu. Felisita aliwasha. Mashine ikavuma, akageuza mpini wake uelekee safu ya kwanza, akaiweka ile kadi peke yake mdomoni. Ilipita. Ilikwaruza kidogo, ikateleza, ikapita tisa, ikapita nane, ikapita saba, ikadondoka kwenye sita.

Apolonia aliinama akautazama mfuko. "Huu ni wetu?"

"Wetu, mayu."

"Basi haikuwa imezeeka."

Felisita aliuegemea ubavu wa mashine. Machozi yalimtoka tu, akaacha yatoke.

"Uliishika ile kamba kama mtu aliyeokota nyoka," alisema Apolonia. "Halafu ukaosha baiskeli safi. Jumatatu nikaenda mnadani Dutwa, nikaomba kuona kadi za wenzangu wa vijiji vingine. Hazina tundu la konani. Nikawauliza mnaning'iniza wapi? Wakasema, zipo sandukuni." Aliitoa kadi mfukoni mwa mashine. "Na maneno ya nyuma nikasomewa."

"Kwa nini hukusema, mayu?"

"Na wewe kwa nini hukusema?" Apolonia aliipuliza kadi vumbi. "Nilingoja pamba iote. Mbegu ikishaota hairudi kwenye gunia, hata meneja akasirike vipi. Juzi imetoa majani. Jana nikamwomba Maganga awaite watu wote, nikasimama nikasema sindano ilikuwa yangu. Wale waliokuwa wanasema damu nzito nikawataka warudie mbele yangu. Hawakurudia."

"Wamekusema vibaya?"

"Wamenicheka. Watanicheka mpaka nife. Sasa mimi wakinicheka napungukiwa nini?" Akamfuta uso kwa upande wa kitenge, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto. "Maganga anasema kesho aje mwenyewe akupe mkono. Nimemwambia alete na jembe, palizi inakuja."

Felisita aliizima mashine. Mvumo ukashuka taratibu mpaka ukaisha, na vibarua wakaingia na kamba zao. Apolonia aliitazama ile kadi mbele na nyuma, kadi ambayo ilikaa hewani miezi yote ile bila kuguswa na mchwa, panya wala maji. Akaikunja katikati, akaikunja tena, akaitia kwenye kifundo cha kitenge.

"Chukua sanduku lako," alisema. "Twende nyumbani."